Muulize Ameponywa Nini

Nyinyi mnaosoma uuguzi huku mkiishi kwa kahawa ya barafu na usingizi wa kuibaiba, haya ni yenu. Jumapili baada ya ibada mmoja wenu alinishika mkono pale penye chai akasema, "Auntie, si utuambie kazi ya usingizi vile iko, si vile iko kwa slides." Nilimjibu kwamba nimestaafu, aende akawasumbue walio kazini. Lakini nilipofika nyumbani Pearland, karibu na Houston, swali lake lilikataa kuondoka. Wakati ninao, chai ninayo, na mume wangu amesinzia kwenye kiti chake anakoroma bila wasiwasi. Basi sogeeni.

Cheo changu kwa Kiingereza ni kirefu na kinapendeza kwenye beji. Kwa Kiswahili nilikuwa muuguzi wa nusukaputi, na kanisani wananiita mama wa usingizi, hasa mhubiri akirefusha mambo. Watu hudhani kazi yetu ni kulaza. Kulaza si kazi, wanangu. Propofol, ile dawa nyeupe kama maziwa, ukiisukuma kwenye mshipa mgonjwa anaiacha sentensi yake katikati. Kazi ni kuhakikisha kwamba tangu hapo hadi atakapofumbua macho anaendelea kupumua, maana dawa ileile inayompa usingizi inamlegeza koo na kumsahaulisha pumzi.

Wagonjwa wengi huwekewa mrija kooni, mashine ikawapumulia. Wengine, kama upasuaji si mkubwa, unawalaza kwa dawa ya mshipani pekee. Pampu inaingiza propofol kidogokidogo, daktari wa upasuaji anachoma ganzi pale atakapokata, na mgonjwa anapumua mwenyewe chini ya barakoa ya oksijeni. Njia hii ya pili ndiyo niliyoipenda, na aliyenifundisha kuipenda nitamshukuru hadi niingie kaburini.

Aliitwa Daktari Pruitt. Wakati huo tulikuwa tunaishi Cedar Hill, nami nilikuwa mwanafunzi katika hospitali moja ya Dallas. Alikuwa mzee mrefu wa Texas ya magharibi, na chumba cha upasuaji aliingia na buti zake za mchunga ng'ombe, amezivika vifuniko vya plastiki, ukawa unamsikia anakuja kabla hujamwona. Mgonjwa wangu wa kwanza wa mshipa alipoanza kukoroma nilikimbilia kile kipande cha plastiki tunachoingiza mdomoni kuzuia ulimi usianguke nyuma. Daktari Pruitt akaniwekea kiganja juu ya mkono, taratibu. "Una vidole," akasema. "Umeshavijaribu?" Akanionyesha pembe ya taya, chini ya sikio, na namna ya kulisogeza taya mbele badala ya kulikandamiza. Mkoromo ukakatika hapohapo. "Sasa baki hivyo," akasema, akaenda zake upande wa pili kuangalia mashine.

Nilibaki hivyo mpaka upasuaji ukaisha, vidole vyangu vimekufa ganzi kumshinda mgonjwa mwenyewe. Nilipolalamika alicheka akaninunulia soda. Lakini alinifundisha kwamba koo ni kitu cha kubembelezwa, na kwamba kila unachokiingiza mle ndani lazima uwe na sababu yake. Mpaka leo nikisikia mkoromo mkono unaenda wenyewe. Mume wangu ameshaamka mara nyingi akakuta nimemshika taya, na amewaambia watoto kwamba siku moja nitamnyonga.

Ni Daktari Pruitt pia aliyenionyesha uvimbe tunaouita anjioedema. Uvimbe wa aleji mnaujua: vipele, kuwashwa, na ukichoma adrenalini unatulia. Huu mwingine hauwashi, hauna vipele, unajaa polepole kwenye midomo, uso, mkono au tumbo, na siku mbaya kwenye koo. Wengine hupata aina ambayo ukiichoma adrenalini na dawa zote za aleji ulizo nazo, haishtuki. Nilimwona mzee mmoja wa kwetu aliyeletwa kutoka kwenye harusi na midomo ya kutisha. Sitamtaja, wajukuu wake mko hapa mnasoma. Mkewe alilaumu viungo vya nyama ya mbuzi, na waliopika wakanuna. Kumbe mzee alikuwa ameishiwa na tembe za presha akaazima za shemeji yake aliyemtembelea, na zile zilikuwa za aina ambayo huvimbisha baadhi ya watu, sisi watu weusi zaidi. Sisi tunaazimana dawa za presha kama chumvi, mnajua. Tangu siku hiyo sikumuuliza mgonjwa anameza dawa gani tu, nilimuuliza pia ni dawa za nani. Chukueni hilo bure.

Kuna aina nyingine ya uvimbe huo ambayo mtu huzaliwa nayo. Damu inakosa protini moja ya kuuzuia, na mambo madogo yanauamsha: pigo, hofu, jino kung'olewa, mrija kusuguana na koo. Mtu wa aina hiyo ukimtia mrija bila kujua, unaweza kumwamsha vizuri, ukampeleka wodini anatabasamu, na baada ya saa kadhaa koo likafunga. Niliyasoma hayo nikafanya mtihani nikapita. Kisha nilifanya kazi miaka mingi sana kabla ya kukutana na Mama Furaha.

Wakati huo tulikuwa tumeshahamia Houston, na kila asubuhi nilishika barabara kuu ya 288 pamoja na nusu ya wauguzi wa Pearland kwenda hospitali. Mama Furaha alikuwa Mkongo wa Kivu, mama wa makamo, anafanya kazi ya kupakia mizigo kwenye bohari. Alikuja kutolewa donge kwenye titi. Mpango wa siku ile ulikuwa kumtia mrija. Binti yake Furaha alikuwa amekaa pembeni na simu, na nilipowasalimia kwa Kiswahili akanijibu kwa Kiingereza kwamba mama yake hana ugonjwa wowote. Mama naye alikuwa amejibu hapana kwa kila swali aliloulizwa kupitia mkalimani wa simu. Moyo, hapana. Pumu, hapana. Uvimbe, hapana.

"Niko muzima, dada," akaniambia. "Mungu ni mwema."

Hapo ndipo nataka mfungue masikio. Mwenzangu asiyetoka kwetu angeandika "mzima" akaendelea, na si kosa lake. Lakini mimi nimekaa kwenye viti vya makanisa yetu miaka yote hii, ya Wakenya na ya Wakongo, na nimesikia shuhuda hadi mgongo ukauma. Najua kwamba mtu wetu akishasimama mbele ya watu akasema ameponywa, hatarudi kuutaja ugonjwa ule kama wake. Kwake, kumjibu muuguzi "ndiyo, ninao" ni sawa na kumwambia Mungu "ulidanganya." Hafichi. Anatunza ushuhuda wake.

Kwa hiyo nilivuta kiti nikakaa. "Mama Furaha," nikamwambia, "Bwana asifiwe. Hebu niambie, Mungu amekuponya nini?"

Uso wake ukafunguka wote. "Eee, dada! Ile nilitoaka ushuhuda kabisa! Mukono ilikuwa inavimbaka, kisha uso, kisha tumbo, ninagaragara chini. Bakanipa dawa ya allergie, hapana kusaidia. Pasteur akaniombea, tukafunga. Tangu ile mwaka, hakuna tena."

"Ilikuwa inawasha?"

"Hapana. Inajaa tu, kama mukate."

Nikamuuliza kama kuna mwingine kwao aliyewahi kuvimba hivyo. Akashusha sauti ili Furaha asisikie, ingawa Furaha alikuwa na vitu vyake masikioni.

"Kaka yangu. Lakini yeye ni sumu. Tulikuwa mu kambi ya bakimbizi. Alitoka kung'oa jino, kesho yake koo ikafunga, akakufa. Ni bibi yake, ile mwanamuke alioa, alimuwekea sumu mu chakula. Familia yote ilijua. Tulimufukuza na batoto yake."

Alitoka kung'oa jino. Wanangu, nililisikia neno hilo na miguu ikataka kukimbia kabla yangu. Sikumwambia lolote, maana si mimi wa kutangaza ugonjwa kwa kukisia. Nilimshika mkono, nikamwambia ushuhuda wake ni mzuri na asiuache, nikaenda kumtafuta Daktari Rao.

Daktari Rao ndiye aliyekuwa msimamizi wetu wa usingizi siku ile, mama mdogo wa umbo mwenye akili kali, na sikuwa nimemaliza sentensi ya jino alipokwisha kusimama. "Leo hatumgusi," akasema. Yeye mwenyewe alikwenda kumweleza daktari wa upasuaji. Yule alikunja uso kidogo kwa sababu donge la titi halipendi kusubirishwa, kisha akasikiliza, akakubali. Daktari Rao alipanga Mama Furaha apimwe damu na aonwe na mtaalamu haraka. Nawashukuru wote wawili. Nimefanya kazi na wakubwa ambao wangeniambia nisilete habari za kanisani.

Aliyelia ni Mama Furaha. "Muna-cancel? Nili-request off kwa kazi, supervisor alikasirika. Na hii kintu ikikuwa cancer?" Nilimwambia tu kwamba hatujamtupa, kwamba tunataka kuijua damu yake kwanza ili akilala aamke. Aliondoka bila kuniaga, na ilinikaa moyoni.

Majibu ya damu yalithibitisha. Protini ile ilikuwa chini sana. Mtaalamu alimkalisha na mkalimani akamweleza kwamba ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, unaopita kwenye familia, kwamba unaweza kukaa kimya miaka kisha ukarudi, na kwamba mtu mwenye huo ugonjwa anaweza kufa kwa kung'olewa jino. Mama Furaha alimwomba arudie hilo la jino.

Aliporudi kwa upasuaji aliuliza wapi yule mama wa Kenya. Nilimkuta ameketi kitandani, mikono imefungana. Hakutaka hata salamu.

"Dada, niko na neno moja. Bibi ya kaka yangu iko hapa Texas, Fort Worth. Alishakuja na batoto. Hata siku moja hatujaongea. Nimemupigia tangu nipate majibu, hashike. Ali-block sisi wote." Akanitazama. "Nikilala hapa nisiamuke, nani atamuambia kama hakuua? Familia itasema tu sumu. Batoto yake batabakia na ile jina."

"Utaamka," nikamwambia. "Na koo lako halitaguswa. Nakuahidi mikono yangu."

Haya ndiyo tuliyofanya. Kabla ya upasuaji alipewa mshipani protini ileile anayokosa, imetengenezwa tayari, na dozi nyingine ikawekwa karibu pamoja na dawa ya kuzima uvimbe ukianza. Mirija myembamba ilikuwa juu ya meza, na Daktari Rao alisimama pale, lakini nia yetu ilikuwa isitumike. Propofol kwa pampu, polepole kuliko kawaida, na ganzi kutoka kwa daktari wa upasuaji. Msiwe na haraka na mgonjwa wa namna hii. Hofu pekee inaweza kumvimbisha, kwa hiyo hata sauti yako ni sehemu ya dawa. Nilimwomba aniombee yeye badala ya mimi kumwombea. Alianza, "Baba, hii mama na mikono yake…" akaishia hapo.

Katikati ya upasuaji alianza kukoroma. Sauti ya mashine inayopima oksijeni ikaanza kushuka noti baada ya noti, na kila aliyekuwa mle ndani aliinua macho kunitazama. Kipande cha plastiki kilikuwa pale pale, sentimita chache kutoka kwenye mkono wangu. Kukiingiza kungekuwa rahisi. Nikapunguza pampu, nikaweka vidole kwenye pembe za taya, nikalisogeza mbele kama nilivyofundishwa. Pumzi ikaingia. Sauti ikapanda. Nikabaki hivyo.

Baada ya muda Daktari Rao alisema, "Nipe, nikupokee." Nilisema bado niko sawa. Akasema, "Najua uko sawa, nipe." Basi tukapokezana taya la Mama Furaha, yeye na mimi, mpaka mshono wa mwisho. Sikumbuki siku nyingine ambayo nimependa wenzangu wa kazi kiasi kile.

Mgonjwa wenu kama huyu akiamka, msimuulize kama anaumwa tu. Msikilizeni sauti. Mwambieni aseme jina lake, ameze mate. Sauti ikiwa nzito, au ikikwaruza, au mate yakimshinda, iteni msaada hata kama anatabasamu. Mama Furaha alifumbua macho nikamwambia aseme jina. Alilitaja lote, la baba, la babu na la ubatizo, sauti safi kabisa. Nilicheka kwa nguvu, kisha nikagundua kwamba nilikuwa nalia.

Tulimlaza hospitali hadi kesho yake, kwa sababu uvimbe huo unaweza kuchelewa. Haukuja. Donge nalo, majibu yalipotoka baadaye, halikuwa la kutisha. Asubuhi ile nilipanda wodini kumsalimia kabla ya zamu yangu, na nikamkuta anaitazama simu ya mezani ya hospitali, ile ya waya.

"Hii namba, bibi ya kaka haijui," akasema. "Dada, kaa hapa."

Nilikaa. Alibonyeza namba iliyoandikwa kwenye kiganja chake. Aliishikilia simu mbali kidogo na sikio, kana kwamba ingemuunguza, kwa hiyo nilisikia ilipoitikiwa, sauti ya mwanamke aliyechoka akisema halo.

"Usikate," Mama Furaha akasema. "Ni miye, dada ya bwana yako. Nakuomba usikate. Haikukuwa sumu. Ilikuwa bugonjwa ya damu yetu, tulizaliwa nayo, niko nayo na miye. Ilikuwa ile jino. Wewe haukumuua. Ni sisi tulikuua. Ni miye nilisema wa kwanza. Unisamehe."

Nilidhani amekata. Kisha tukasikia pumzi ndefu, na sauti ikauliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Na batoto, shangazi? Nabo bapimwe?"

"Bapimwe," Mama Furaha akasema. "Nitakuja mwenyewe Fort Worth. Tutabapeleka pamoja."

"Basi kuja," sauti ikasema. "Balishakuwa bakubwa. Hautabajua."